Kidonge cha moyo, hofu ya Garissa

*Propranololi hutuliza mapigo ya moyo ndani ya saa moja au mbili. Kama hutibu wasiwasi wa kudumu, hilo ni jambo ambalo madaktari hawajaafikiana, na Kaskazini Mashariki kuna mengine mengi yanayoufanya moyo uende mbio.*

Mteja anayesimama mbele ya dirisha la kemisti karibu na Soko Mugdi mjini Garissa haanzi kwa kusema ana wasiwasi. Anasema moyo unamwenda mbio. Anaweka kiganja kifuani na kueleza: akilalia ubavu wa kushoto anasikia mapigo hadi sikioni, kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi, pumzi inakatikia kooni. Amekwisha kupimwa presha, pengine zaidi ya mara moja, akaambiwa iko sawa.

Kwa malalamiko ya namna hii, dawa mojawapo ambayo mgonjwa anaweza kurudi nayo nyumbani ni propranololi, kidonge ambacho mara nyingi huwa cha miligramu 40, kilichobuniwa kwa ajili ya moyo. Hakileweshi. Hakimlazi mtu mchana kutwa kama Valium. Bei yake haitishi. Muda si mrefu mapigo hupungua na mikono hutulia, na yule aliyekuwa akiamini kwamba moyo wake ni mgonjwa huondoka na ushahidi mkononi: kama dawa ya moyo imemfaa, basi kweli ulikuwa moyo.

Propranololi ni ya ukoo wa dawa ziitwazo beta-bloka. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari wamekuwa wakiwaandikia watu wenye wasiwasi wa kudumu bila kukubaliana zinawasaidia kwa kiasi gani. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ubishi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa mambo yanayouchochea moyo ni mengi na wa kuyachambua ni wachache.

Ilibuniwa kwa maradhi mengine

Mskoti James Black hakuwa akifikiria hofu hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mtafiti wa kampuni ya ICI ya Uingereza, alitaka kuwapunguzia maumivu ya kifua watu ambao mishipa yao ya moyo imeziba. Wengi wakati huo walikuwa wakitafuta namna ya kuuongezea moyo damu. Black aliona afadhali moyo upunguziwe kazi.

Njia yake ilikuwa hii. Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini. Kemikali hiyo hunata kwenye vipokezi vya moyo vinavyoitwa beta, na moyo huongeza kasi. Vipokezi hivyo vikizibwa, adrenalini hufika ikakosa pa kunata. Dawa yake ya kwanza, pronethaloli, iliachwa baada ya kuonekana ikiwaletea panya uvimbe. Ya pili ilikuwa propranololi, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1960 kwa jina la Inderal. Mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Haikuchukua muda kabla ya wengine kuona kwamba dalili nyingi za wasiwasi ni za adrenalini hiyohiyo. Mwaka 1966, jarida la Lancet lilichapisha jaribio la madaktari wawili wa London, Granville-Grossman na Turner, waliowapa propranololi wagonjwa wa wasiwasi. Nafuu ilipatikana, lakini zaidi katika dalili za mwili: mapigo, jasho, mtetemeko. Mawazo yenyewe ya hofu hayakuguswa kwa kiwango hicho. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuwa zikirudi palepale.

Wanaoifahamu vizuri nguvu ya kidonge hiki ni watu wa jukwaani. Katika uchunguzi wa mwaka 1987 miongoni mwa wanamuziki wa okestra za Marekani, asilimia 27 walisema wamewahi kukitumia. Katika ulengaji shabaha kimepigwa marufuku, maana mkono usiotetemeka ni faida isiyo ya haki. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alivuliwa medali zake mbili za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 baada ya kukutwa nacho mwilini. Lakini mpiga fidla ana hofu ya saa mbili, kisha pazia linafungwa. Mtu anayeamka kila usiku saa tisa kwa miezi minane hana pazia la kufunga.

> Nafuu ilipatikana zaidi katika dalili za mwili. Mawazo yenyewe ya hofu hayakuguswa kwa kiwango hicho.

Gari la Maua

Hakuna namna ya kuzungumzia mapigo ya moyo Garissa ukaruka miraa. Magari yanayoishusha kutoka Maua, Meru, yanajulikana kwa mwendo wake wa hatari, na mwendo huo una sababu ya kikemia. Jani bichi lina kathinoni, ambayo baada ya siku chache hugeuka kuwa kemikali dhaifu zaidi. Mzigo uliochelewa ni mzigo uliopoteza nguvu na bei.

Kathinoni ni binamu wa amfetamini. Humwaga noradrenalini, huinua presha na huuharakisha moyo. Kikao kikianza alasiri, kwa chai yenye sukari nyingi na karanga, usingizi huwa mbali hadi karibu na alfajiri. Raha ya saa za mwanzo ikiisha, kinachobaki ni kutotulia, dhana mbaya na moyo unaodunda. Anayekwenda kliniki asubuhi na kueleza hali hiyo bila kutaja miraa, na wengi hawaitaji wasipoulizwa, anafanana kila kitu na mgonjwa wa wasiwasi.

Watafiti wa Yemen, nchi nyingine ya watafunaji, walilijaribu hilo moja kwa moja. Waliwapa watu waliokuwa wakitafuna beta-bloka iitwayo atenololi, na mapigo pamoja na presha vikapungua. Mtu anaweza kushawishika kusema basi dawa imepatikana. Tatizo ni kwamba moyo unaodunda ndio unaomwonya mtafunaji kwamba amezidisha. Ukinyamazishwa, kikao kinaweza kuendelea huku athari nyingine za kathinoni zikiwa palepale: usingizi uliopotea, tumbo tupu, mishipa iliyobana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu maelfu ya wagonjwa wa moyo katika nchi za Ghuba na Yemen ulionyesha kuwa waliokuwa wakitafuna walikufa kwa wingi zaidi baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo.

Wanawake wengi wa eneo hili hawatafuni. Wao ndio wauzaji. Mwanamke anayelalamikia mapigo huenda ana upungufu wa damu baada ya kuzaa mfululizo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au homa ya utotoni iliyomharibu vali ya moyo bila yeye kujua. Katika ugonjwa wa tezi propranololi ni msaada mzuri wa muda. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu ni hatari, kwa sababu moyo wake unakwenda mbio ili kuzungusha damu kidogo iliyopo, na kuuzuia ni kuunyima njia yake ya kujiokoa. Kipimo cha damu hakichukui muda mrefu. Kinahitaji tu mtu wa kukiagiza.

Hofu yenye tarehe

Ipo pia hofu isiyotokana na jani wala damu. Hapa hofu ina tarehe.

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, wanamgambo wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Msichana wa miaka 19 alijificha kabatini kwa zaidi ya siku mbili, akinywa losheni ya mwili kwa kiu. Askari walipomfikia alikataa kutoka. Aliuliza atajuaje kwamba wao ni polisi kweli, na ilibidi aletwe mwalimu wake amhakikishie. Wenzake walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016.

Miezi michache kabla ya shambulio hilo, abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyohiyo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Wazee wana tarehe zao: Februari 1984, wanaume wa Wajir walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na wanajeshi wa serikali yao wenyewe, na wengi hawakurudi. Juu ya hayo kuna hofu ya kila siku, ya kizuizi cha barabarani na kitambulisho. Msasa wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho ulifutwa na Rais William Ruto mnamo Februari 2025 tu.

Huko Dadaab, kambi za wakimbizi zilizoanzishwa mwaka 1991, serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba itazifunga, Mahakama Kuu ikazuia mwaka 2017, nayo serikali ikatangaza tena mwaka 2021. Mtu aliyezaliwa Hagadera, mojawapo ya kambi hizo, ametishiwa kufukuzwa mara mbili kabla hajapata watoto wake mwenyewe. Daktari atakayemuuliza mkimbizi huyo kama "ana wasiwasi kupita kiasi kuhusu mambo ya kawaida", kama fomu zinavyotaka, atakuwa anauliza swali la nchi nyingine.

Novemba ya mwaka huohuo wa 2015, Paris nayo ilishambuliwa, na watu 130 wakafa. Hospitali za umma za jiji hilo zilianzisha mpango wa utafiti, Paris MEM, zikitumia mbinu ya Alain Brunet, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada. Manusura anapewa propranololi, na kama saa moja baadaye anaandika kilichompata na kukisoma kwa sauti. Wiki inayofuata anasoma tena. Vikao ni sita. Wazo ni kwamba kumbukumbu inayofunguliwa huku adrenalini imezibwa hurudi mahali pake ikiwa imepoteza makali. Katika jaribio la Brunet la watu 60 lililochapishwa mwaka 2018, waliopewa dawa walipata nafuu kuwazidi waliopewa kidonge kitupu. Wengine waliojaribu njia za kufanana na hiyo hawakupata matokeo mazuri kila mara.

Mpango wa aina hiyo haukufika Garissa. Na tofauti kubwa haikuwa kidonge, maana chenyewe kinapatikana pande zote mbili. Paris kilikuwa na mtu ameketi mkabala, mwenye saa nzima ya kusikiliza, na aliyejua kwamba wiki ijayo atakuwapo.

> Paris kidonge kilikuwa na mtu ameketi mkabala, mwenye saa nzima ya kusikiliza.

Wanaoitetea na wanaoitilia shaka

Uingereza, propranololi ina kibali rasmi cha kutumika kwa wasiwasi wenye dalili za mwili. Marekani haina, madaktari huko huiandika kwa hiari yao. Taasisi ya NICE, inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, huwaelekeza wenye wasiwasi wa kudumu kwenye tiba ya mazungumzo na dawa kama setralini. Shirika la Afya Duniani linaiweka propranololi kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi ya kuzuia kipandauso.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Haileti uraibu kama diazepamu, yaani Valium, dawa ambayo imewaacha wengi wasiweze kulala bila kidonge. Setralini na wenzake huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kumzidishia mtu wasiwasi, wakati propranololi ni ya leo leo. Zaidi ya hayo, moyo na hofu huchocheana: mtu anahisi mapigo, anadhani anakufa, mapigo yanaongezeka. Kuukata mzunguko huo hata kwa wiki mbili kunaweza kumpa nafasi ya kupumua na kusikiliza ushauri.

Upande wa pili unauliza ushahidi uko wapi. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata kuhusu propranololi na maradhi ya wasiwasi, wakahitimisha kuwa ushahidi hautoshi kuipendekeza. Majaribio yenyewe yalikuwa madogo, mengi ya zamani. Hata hivyo, nchini Uingereza idadi ya wanaoandikiwa beta-bloka kwa ajili ya wasiwasi imeongezeka tangu mwanzoni mwa karne hii, hasa miongoni mwa vijana. Dawa ikipendwa na wanaoiandika na wanaoimeza, tafiti huachwa nyuma.

Utafiti mmoja wa karibuni unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 2023 maabara ya Karl Deisseroth katika Chuo Kikuu cha Stanford iliwavisha panya kifaa cha mwanga kilichoweza kuuongoza moyo, na kuupandisha hadi mapigo 900 kwa dakika. Panya waliokuwa mahali salama hawakujali sana. Walipowekwa kwenye uwanja wa wazi au njia iliyoinuka, mahali ambapo panya ana sababu ya kuogopa, moyo ulioharakishwa uliwafanya wawe waoga zaidi ya wenzao. Moyo peke yake haukutosha kuleta hofu. Palihitajika pia mahali pa kuogofya.

Ukiusoma utafiti huo ukiwa Garissa unaona kwa nini pande mbili zinabishana bila kufikiana. Wa kwanza wanaushughulikia moyo, na moyo kweli hutulia. Wa pili wanashangaa mbona mgonjwa bado hapandi basi la Mandera.

Joto, pumu na mwezi wa kufunga

Miongozo mingi ya dawa imeandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Garissa mchana wa Machi ni zaidi ya nyuzi 36. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kuongeza mapigo, na beta-bloka huzuia yote mawili kwa kiasi. Mchungaji anayetembea kutwa na mifugo, au kijana anayebeba mizigo sokoni, yumo hatarini zaidi ya kupata kizunguzungu na kuzimia kuliko karani wa London anayemeza kidonge hichohicho.

Mwenye pumu hapaswi kuipata kabisa. Vipokezi vya beta vimo pia kwenye njia za hewa, na propranololi haichagui. Inaweza kuzibana ghafla. Mwenye kisukari anayetumia insulini hupoteza onyo la sukari iliyoshuka, maana dalili zenyewe ni mtetemeko na mapigo, yaleyale yanayozimwa. Kwa ajili ya Ramadhani mgonjwa huyu wa kisukari anahitaji mazungumzo na mhudumu wa afya kabla mwezi haujaandama. Wanaoitumia mara mbili au tatu kwa siku nao hulazimika kupanga saa upya, na wapo wanaoona ni rahisi kuiacha. Kuiacha ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuurudisha moyo kwa kasi kubwa kuliko mwanzo, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hilo ni jambo la hospitali.

Kisha kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii, kwa sababu kidonge kinaonekana cha upole. Propranololi ikimezwa kwa wingi huua, na huua haraka. Mwaka 2020 wachunguzi wa usalama wa huduma za afya nchini Uingereza walitoa onyo kuhusu hilo baada ya kifo cha mwanamke kijana aliyekuwa ameandikiwa. Mtu mwenye wasiwasi wa kudumu mara nyingi ana huzuni pia. Kumkabidhi vidonge vya mwezi mzima bila kumuuliza kama amewahi kufikiria kujiua ni uzembe, hata kama foleni nje ni ndefu.

Nani atakaa mkabala?

Kenya haijafikisha hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu 100,000, na wengi waliopo wako Nairobi, kilomita takriban 370 kutoka Garissa. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Lakini mgonjwa wa Ijara au Balambala hukutana na afisa wa kliniki au muuguzi mwenye dakika chache, na kuandika jina la dawa ni dakika moja.

Ni rahisi kumlaumu muuguzi huyo. Lakini kama hana mahali pa kumpeleka mgonjwa, kidonge ndicho alicho nacho, na kukataa kukitoa si tiba pia.

Wengi, kwa vyovyote vile, huwa wamekwisha kupita kwa sheikh kusomewa ruqya. Baadhi ya madaktari hulitazama hilo kama kucheleweshwa kwa matibabu. Wapo waliolitazama kama mlango. Jijini Seattle, Marekani, watafiti wa vyuo vikuu na Wasomali waishio huko walibuni mpango unaofanyika msikitini, wanaume kivyao na wanawake kivyao. Viongozi ni waumini wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Hupitia visa vya manabii waliopatwa na mitihani, kisha kila mmoja humgeukia Mungu kimyakimya na kumweleza kilichomtokea, hatua kwa hatua, bila kulazimika kuwaambia wenzake. Mpango huo ulijaribiwa baadaye Somaliland na washiriki wakaonyesha nafuu. Vikao ni sita, idadi ileile ya Brunet, na hakuna kidonge.

Jijini Nairobi, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba wahudumu wa kijamii wasio na shahada wanaweza kuwasaidia wanawake wa Dagoretti waliopitia ukatili, kwa mazungumzo ya vikao vitano tu. Dadaab, Médecins Sans Frontières wamekuwa wakitoa huduma za afya ya akili katika hospitali ya kambi ya Dagahaley kwa miaka mingi. Mambo haya yanawezekana nje ya jengo lenye daktari bingwa.

Hakuna lolote kati ya hayo litakalomwondolea miraa mtafunaji au kumrudishia damu mama aliyejifungua juzi. Hao watahitaji maswali mengine, na maswali yenyewe si mengi: unatafuna nini na kwa saa ngapi, una pumu, hedhi yako ikoje, shingo imevimba, ulikuwa wapi mara ya kwanza moyo ulipoanza. Hilo la mwisho ndilo linalochukua muda. Afisa wa kliniki aliyepewa nafasi ya kuyauliza yote anaweza bado kuandika propranololi mwishoni, ya wiki mbili badala ya mwezi, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi.